Mikono Yako Haikuisha Nguvu

Masii,
Jumanne baada ya Pentekoste

Kwa jina la Mungu aliyetupa pumzi ya kumwimbia na viganja vya kumpigia makofi, nakusalimu, Musili, ndugu yangu wa tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ndithini, pamoja na shemeji yangu Kasyoka na watoto, na kwamba mvua iliyotupitia haikuwasahau ninyi. Sisi hatujambo. Magoti yangu hununa asubuhi, lakini yakiitwa misani hutii.

Nilitaka kuandika kwa utulivu unaofaa umri wangu, ila furaha inausukuma mkono. Nivumilie.

Jana nilifuatana na kwaya yetu hadi Matuu, kwa Mike, yule fundi wa studio, kupanga kurekodi nyimbo za jubilei ya parokia. Kabla hatujaketi, Mike aliuliza mpiga ngoma yuko wapi. Mutheu, mwenyekiti wetu, alimjibu kwa huzuni kwamba uliacha tangu albamu ya kwanza ilipotoka, kwa kuwa uliisikia ngoma yako imefifia ukasema mikono yako imekwisha. Mzee Nzuki akaongeza mzaha wake uleule uliokuuma, kwamba heri siku ile ungepiga gunia la mahindi. Mike alicheka, kisha akaona hatucheki. Akasema kwamba siku ile ulipiga kwa nguvu hata akalazimika kuisogeza maikrofoni mbali nawe, karibu na mlango.

Soma hapa polepole, ndugu yangu. Unakumbuka kamati ya kwaya ilivyomsihi Mike aiongeze sauti ya albamu. Siku ya soko wauza nyimbo wa Masii hushindanisha spika, na sisi tulitaka wimbo wetu usizidiwe na wa kibanda cha jirani. Mike alieleza kwamba sauti ya rekodi ina dari yake, kikomo isichoweza kukipita. Ili wimbo mzima uvume, alizipandisha sauti zote; zilizokuwa chini zikaikaribia dari, na zilizokuwa juu zikakatwa vichwa. Na uhai wa ngoma, alisema, umo katika kichwa hicho, lile pigo la kwanza la kiganja. Ndiyo maana Mutheu akianzisha peke yake kwa upole, na kwaya nzima ikamwitikia, msikilizaji haoni tofauti. Wote wamesimama kimo kimoja, na sikio huchoka kabla ya wimbo wa tatu.

Nzuki alibisha. Alidai kwamba ule wa sokoni ndio mtamu. Mike akamwambia, mzee, sikio huhongwa na kelele. Akaipunguza rekodi ya sokoni hadi ikalingana na ile ya awali, kabla hajaipandisha, aliyokuwa ameihifadhi, akazicheza moja baada ya nyingine. Ya sokoni ikawa kama uji uliopoa. Kisha ya awali: Mutheu anaimba karibu na kunong'ona, kimya kinatanda kidogo, halafu ngoma yako inaingia! Musili, mimi katekista mzima niliruka kitini! Nilimkumbuka Eliya mlimani, alivyopitiwa na upepo na tetemeko, naye Bwana hakuwamo, hadi ilipokuja ile sauti ndogo ya utulivu. Nzuki alivua kofia. Ametuagiza tukuambie kwamba gunia ni yeye.

Mutheu ameamua, huku akilia na kucheka, kwamba nyimbo za jubilei hazitakatwa vichwa. Anayetaka kelele sokoni aongeze spika yake mwenyewe. Nao wote wamekataa kurekodi bila wewe. Ningekutumia wimbo kwa simu, lakini spika ya simu ingekuonea mara ya pili. Njoo Jumamosi uusikie kwa Mike.

Limebaki jambo moja, na nimelichelewesha makusudi. Ile ngoma uliyomwagiza Kasyoka aiuze, hakuiuza. Aliifunga kwa shuka akaniletea, akisema mume wake anamwombolezea mtu ambaye hajafa. Imekaa chumbani mwangu muda wote huo, na leo asubuhi nimeiwamba ngozi mpya ya mbuzi. Usimgombeze. Ukiona ni lazima umgombeze, ipige kwanza.

Mungu wa baba zetu aibariki nyumba yako, alinde kuingia na kutoka kwenu, awape watoto wako masikio ya kusikia, na aitie mikono yako nguvu ambayo haikuondoka kamwe. Amina.

Mimi kaka yako,
Wathome