Gambuti Zako Ziko Ndani, Mama

Mama,

Maua hakubali kukamuliwa mpaka nijifunge leso yako. Naanza na habari za ng'ombe kwa sababu najua ndizo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Maziwa yamepungua kidogo lakini hakosi nyasi, Kiprono anamletea. Mimi nimehama Elgon View nikarudi hapa kwako Kapseret, na kila asubuhi naingia kazini nikinuka zizi. Cheka tu. Mtoto wako aliyekuwa akishika pua akipita karibu na samadi, leo wenzake ofisini ndio wanaoshika pua.

Kuna jambo lingine nataka kukuambia, ila naogopa kulianza. Wacha nianze na mvua.

Katika nyumba ya mbao tulikokulia, kila mvua ilipoanza kupiga mabati hatukuweza kusikizana. Wewe uliacha mwiko kwenye sufuria, ukatazama juu, ukasema, "Asante Mungu, tuko ndani." Halafu, kabla hatujaitikia amina, "Na nani hayuko?" Hapo mimi na kaka yangu Kiprono tulijua tumepatikana. Mmoja wetu lazima ajifunike gunia aende hadi barabarani, kwenye veranda ya mashine ya kusaga mahindi, aangalie kama kuna mtu amejikunyata pale. Mara nyingi alikuwako. Kibarua aliyefungiwa chumba na mwenye nyumba, mama aliyebeba mtoto mgongoni, yule mzee aliyekaa kwetu msimu mzima wa mavuno akirekebisha viti vyote, hata vile vizima. Hukuuliza kabila wala kanisa. Ulisema ulilala nje ukiwa na mimi tumboni, nyumba yenu ilipoungua, na mwanamke ambaye hukujua hata lugha yake akakushika mkono akakuingiza jikoni kwake. "Nyumba si yangu," ulikuwa ukisema. "Mimi nimetangulia tu kuingia."

Basi tukakua, tukapata kazi, na kama watoto wengi wa huku waliosomeshwa kwa maziwa, tukaona aibu mama yetu kuendelea kulala kwenye mbao. Tukakujengea nyumba ya mawe mbele ya ile ya zamani. Vigae vyeupe, dari, geti jeusi. Siku ya kuingia mchungaji aliomba, ukalia, ukatubariki mmoja mmoja. Ulishukuru kwa moyo wako wote, hilo sina shaka nalo. Lakini mvua ya kwanza ilinyesha ukiwa umekaa kwenye kochi na hukuisikia. Dari ilikuwa imemeza sauti yote. Ulipochungulia dirishani ukakuta uwanja umejaa maji, ulisimama haraka kama mtu aliyechelewa kazini.

Baada ya hapo ndipo zile gambuti zilipoanza. Gambuti zako za zizini, nyeusi, moja ina kiraka, ukawa unaziweka sebuleni kabisa, juu ya vigae, karibu na mlango, pamoja na matope yake. Kila Jumapili nilipokuja nilizitoa nje, nikapiga deki. Jumapili iliyofuata nilizikuta pale pale. Nilimwambia Kiprono kwamba Mama ameanza kusahau, na tukanong'ona habari ya kukupeleka kwa daktari. Mara moja tu uliniambia, "Jeptoo, wacha hizo viatu zangu zikae." Nikakujibu kwamba nyumba nzuri haitaki uchafu. Laiti ungenigombeza, Mama. Ulijua kugombeza wewe, hata mbuzi wa jirani walikuogopa. Siku hiyo uliniacha tu nizitoe.

Wageni wako nao wakapungua. Uliuliza sana habari za Nekesa, yule kibarua kutoka upande wa Bungoma uliyemweka na binti zake katika nyumba ya mbao mpaka alipopata chumba cha kupanga mjini, kando ya mto. Hata hospitalini ulisema, "Nekesa amenisahau." Nami nikakwambia ndivyo watu walivyo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Kiprono alikuwa ameshapatana na fundi aje Jumamosi kuibomoa nyumba ya mbao. Inaegemea upande mmoja, inavuja, na mbao zake bado zina mnunuzi. Mimi nilikubali. Nilisema hata Mama asingetaka tuitazame ikioza.

Alhamisi alasiri, mvua ikinyesha, nikasikia geti likigongwa. Alikuwa Nekesa, na binti zake wawili, na godoro walilolifunga kwa nailoni. Vyumba vyao vya kando ya mto vimebomolewa. Alikuulizia wewe. Hakuwa amepata habari. Nilimwambia pale pale getini, sikujua namna nyingine, akakaa chini kwenye tope akalia kama aliyefiwa na mama yake mzazi. Nilipowaleta mpaka mlangoni hakuingia. Alisimama kizingitini akitazama sakafu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Gambuti za Mama ziko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ziko stoo. Ndipo akanieleza. Mlikutana sokoni baada ya nyumba kwisha, ukamwambia asiogope vigae. Gambuti zako ziko ndani, na matope yake, akiziona aingie hivyo hivyo na ya kwake. Naye alikuja, Mama. Alikuja Jumapili moja, siku aliyofungiwa chumba, na watoto. Akakuta geti wazi, mlango wazi, magari yetu yameegeshwa, na sakafu inang'aa.

"Sikuona gambuti," akasema. "Nikajua Mama amekatazwa watu. Nikarudi."

Usiku huo wa Jumapili walilala kwenye veranda ya duka.

Nimejaribu kukumbuka ilikuwa Jumapili ipi na siwezi, kwa sababu zote zilifanana. Wewe umekaa kwenye kochi, chai iko kwenye chupa, mimi nina tambara la deki mkononi. Alikuwa hatua chache kutoka kwako. Ungemwita kwa jina, angeingia, ungemkemea kwa kupotea, mngekunywa chai. Badala yake ulikufa ukidhani umesahaulika. Hukusahaulika, Mama. Alifika mpaka mlangoni. Hilo ndilo nililokuwa naogopa kuliandika, na sasa nimeliandika bado linaniuma vile vile. Nyumba tulikujengea kwa upendo, na hilo halinisaidii kitu.

Jioni ile nilimpigia Kiprono nikamweleza yote. Akasema, "Si fundi ameshaambiwa akuje Jumamosi? Wacha akuje. Lakini akuje na misumari."

Kwa hivyo nyumba ya mbao ingali imesimama. Imenyooshwa, mabati yaliyotoboka yamebadilishwa, na Nekesa na binti zake wamo. Ananisaidia kukamua, ingawa Maua bado anataka leso. Dari hatukuweka, na fundi alishangaa sana kuambiwa asiweke.

Leo nimekula kwao. Tukiwa mezani mvua ikaanza kupiga mabati, mazungumzo yakakatika, na wote tukatazama juu. Nekesa akanitazama, akingoja. Nikasema, "Asante Mungu, tuko ndani." La pili sikuweza kulisema, kwa maana nilijua nani hayuko.

Nekesa akalisema yeye.

Basi nikavaa gambuti zako, nikajifunika gunia, nikaenda hadi kwenye mashine ya kusaga. Veranda ilikuwa tupu. Nimerudi nimelowa, nimeingia na gambuti mpaka sebuleni, nikazivua juu ya vigae, karibu na mlango, pale pale ulipokuwa ukiziweka. Nakuahidi hapo hazitoki, hata nikipata wageni wa ofisini, na kila mvua ikinyesha nitakwenda kuangalia. Lala salama, Mama yangu. Matope sijayafuta.

Mtoto wako,
Jeptoo