Kiuno Kizima na Kichwa cha Nguruwe

Mpendwa mshauri Bi. Noh, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka kwanza ndipo unijibu. Mimi ni shemasi hapa Mapo, Seoul, ibada ya alfajiri siikosi, na kazi yangu ni uigizaji, huenda umeniona kwenye runinga, mimi ndiye yule mama anayelia, mwanangu akifungwa nalia, akioa nalia, hata tangazo la dawa ya tumbo nililia. Nimechoka kulia, ndiyo maana mwaka huu nikaingia warsha ya waigizaji wazoefu kwa Mwalimu Pyo, katika chumba cha chini kule Daehangno, mtaa wa majumba ya michezo, tunatambaa sakafuni na kubeba ndoo zisizokuwepo, watu wazima wenye wajukuu, na kila siku mwalimu ananiambia maumivu yangu ni ya runinga, hayamwingii. Hata hivyo, namshukuru Mungu, kwenye onyesho la kufunga warsha, mwisho wa mwezi huu, alinipa niwe bibi mwizi anayeruka ukuta na jogoo kwapani. Sijawahi kupewa mtu wa kuruka. Waongozaji wa michezo watakuja kututazama, na kwa umri wangu sijui kama nitapewa ukuta mwingine.

Sasa wiki iliyopita tukafanya tambiko la kuombea onyesho, kama ilivyo kawaida ya watu wa jukwaani, kichwa cha nguruwe mezani, kile cha kutabasamu, keki za mchele, pombe ya mchele, na kila mtu apige magoti, asujudu, amtie nguruwe noti mdomoni. Mimi kumsujudia nguruwe siwezi, na kusema siwezi niliona haya, wangesema najidai mtakatifu, basi zamu yangu ilipofika nikainama nusu, nikashika kiuno, nikagugumia, nikabaki pale pale kama msumari uliopinda.

Mshauri, tangu nizaliwe sijaigiza vizuri vile. Mwenzangu wa mazoezi, Bang Mi-ran, akanibeba mgongoni ngazi zote mpaka barabarani, huku akinisimanga: "Dada, hayo machozi unayolia kila siku mbona hayapunguzi uzito?" Akanifikisha kwa tabibu wa sindano za tiba ya asili, nikachomwa kiuno kizima kisichouma. Mwalimu Pyo naye akaja, akanishika mkono akasema, "Dada, muda wote huu nakuomba maumivu ya kweli, kumbe umeyaficha kiunoni." Kisha nafasi yangu ya bibi mwizi akampa Mi-ran, ambaye akipanda kiti tu anafumba macho.

Hayakuishia hapo. Mi-ran alimpigia simu mume wangu, baba Ye-rim, naye akamwambia mchungaji, basi akina mama wa kanisa wakaja na uji na plasta za moto, wakaniwekea mikono, wakaomba mpaka jasho likawatoka, na mmoja akaapa amekihisi kiuno kikinyooka. Nimewaambia bado kinauma kidogo. Wanangoja nipone nikatoe ushuhuda madhabahuni. Nikipona nimemsingizia Mungu muujiza, nisipopona ukuta wangu umekwenda. Nifanyeje?

Shemasi wa Mapo

Shemasi wangu, nimecheka kwa ruhusa yako. Sasa kaa wima, maana unaweza.

Kukataa kusujudu hukukosea, dhamiri ni yako. Lakini umemkimbia nguruwe aliyekufa ukaenda kuupigia magoti uongo ulio hai. Nimekaa na watu wa jukwaani siku nyingi. Wako wakristo wenzako ambao wakati wa tambiko husimama pembeni wakiomba kimoyomoyo, na nyama ikikatwa wanakula kama wengine. Hakuna anayewauliza. Haya hiyo uliyoiona ni ya kujitungia, mama.

Tena usidhani Mwalimu Pyo ni mjinga. Mtu anayefundisha watu kujifanya hashindwi kukisoma kiuno. Kampa nafasi yako anayeogopa kiti. Unafikiri anamngoja nani?

Anza na Mi-ran, kwa sababu ndiye aliyekubeba. Mwambie uso kwa uso, si kwa simu, na umkandekande mabega. Kisha wenzako wote na mwalimu, kwa maneno machache, bila chozi hata moja. Kulia unakujua mno. Nafasi ya bibi mwizi iombe, usiidai. Mi-ran akimtaka, mwachie, na wewe umshikie ngazi. Nadhani hatamtaka.

Kanisani usingoje Jumapili. Nenda alfajiri ya kesho kwa wale akina mama, uwaambie kiuno hakikuugua na maombi yao hayakupotea, kwani yamekunyoosha mahali pengine palipopinda. Watanuna. Wapelekee keki za mchele, watakula huku wamenuna.

Leo hii ukifika Daehangno, usimngoje mtu akushike mkono. Shuka zile ngazi kwa miguu yako, haraka, kama mwenye jogoo kwapani. Watakapokuona hivyo, nusu ya maungamo utakuwa umeshayasema.