Halua Ambayo Mwenye Duka Hakuionja

Mjukuu wangu Neema,

Amani ikae kwenu. Huku Kasulu tunavuna maharage, na goti la babu yako limetulia. Umeniuliza kama binti zako wazile keki za jirani ambaye hazionji kwanza mbele yenu.

Tulipokuwa wageni hapa, niliwatembeza mjini mama yako na dada yake, wangali wadogo. Mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, akawakatia halua. Kwetu Burundi anayekukaribisha huonja kwanza, ujue hakuna sumu.

“Onja basi, baba,” nikamwambia.

“Siwezi, mama.”

Nikawapokonya wanangu vile vipande. Wakaangua kilio. Binti wa mwenye duka, rika lao, akacheka: “Mama huyu naye! Baba amefunga, ni Ramadhani!” Akachukua kipande mkononi mwangu, akala.

Hata hivyo sikuwarudishia wangu upesi. Nilimtazama yule mtoto mpaka alipoomba kingine.

Basi huyo jirani mkaribishe chai, keki zake ziwe mezani. Akila na watoto, utakuwa umeona, wala hutakuwa umemuuliza.

Bibi yako akupendaye,
Kasulu