Dada, Umeme wa Jioni Hautoshi Mayai Yako

Mpendwa dada Zainabu,

Mayai yako yameanza kugonga leo alasiri, vifaranga wanataka kutoka. Ningekuandikia kwa furaha, lakini sasa ni saa moja ya jioni, kijiji chote cha Midia kimewasha majiko, pasi na televisheni, na mita yangu inasoma volti mia na ishirini badala ya mia mbili na arobaini.

Kuku wako wote wamekufa. Tangu tukuzike niliwatunza kama ulivyoniagiza, lakini kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipoingia kilipita boma kwa boma, hata kwa jirani yetu Hawa hakuna kuku aliyebaki wa kuatamia. Niliwahi kuokota mayai machache kabla tetea wa mwisho hajaanguka. Hayo ndiyo yaliyosalia ya uzao wa yule kuku aliyetuachia mama.

Unakumbuka ulivyomvusha mto kwenda Kongo wakati wa vita? Tulikimbia na sufuria moja na blanketi moja, nawe ukamfunga kuku mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Kivukoni mama mmoja wa upande ule akakusogelea akitaka kumwona huyo mtoto.

“Iko mgonjwa,” ukamwambia. “Iko nalala.”

Kuku akalia hapo hapo. Yule mama akakutazama, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu, “Dada, mutoto yako iko na mudomo mukali sana.”

Nilikuwa na njaa na hofu, na bado nilicheka mpaka nikaketi chini. Mayai ya kuku yule yalitulisha miaka yote ya ugenini, na vifaranga wake wakanilipia karo tuliporudi. Nilifundisha fizikia Arua mpaka nikastaafu kwa sababu ya ndege uliyembeba mgongoni.

Nilipokuletea sanduku la kuangulia nililolitengeneza mwenyewe, ulilizunguka kwanza kama mtu anayenunua ng'ombe.

“Mama gani hii? Mabawa iko wapi?”

Nikakueleza, maana kunyamaza sikuwezi. Hita iliyomo ya kupasha mayai joto inapata volti mia mbili na arobaini na inavuta nusu ampea. Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme: omu mia nne na themanini. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu: wati mia na ishirini. Ukanisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

“Basi mama yao iko mia na ishirini,” ukasema. “Baba yao iko mwalimu. Maskini watoto.”

Jioni hii Hawa alikuja akanikuta nimeinamia mita kando ya sanduku lenye mayai.

“Mwalimu, umeme iko?”

“Iko, lakini iko kidogo.”

“Umeme kidogo ni nini? Kitu iko ama hakuna.”

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Ukinzani wa hita ni ule ule. Volti zikishuka hadi nusu, mkondo nao unashuka hadi robo ampea. Zidisha mia na ishirini kwa robo: wati thelathini. Watu hudhani nusu ya umeme inatoa nusu ya joto, kumbe inatoa robo tu. Hawa akatazama sanduku, akaniuliza, “Sasa umejua. Tunafanya nini?”

Dada, nilianza na betri. Betri ya sola ni ya volti kumi na mbili. Ili itoe wati mia na ishirini lazima ivute ampea kumi, na kwa uzee wake ilizima hata maji ya chai hayajachemka. Tulizungushia mayai chupa za maji ya moto. Joto likapanda kupita kiasi, tukaziondoa haraka, likaporomoka. Hita ya pili niliagiza Arua, na fundi amesema itafika Koboko kesho kutwa. Kifaranga aliyekwisha kutoboa ganda hawezi kungoja kesho kutwa. Akipoa ananyong'onyea humo humo. Volti hurudi majirani wakilala, lakini hata hapo ni mbali.

Nilisimama nje nikahesabu taa za majirani. Nani nimwambie azime? Mama Kapere anapika, watoto wake hawajala. Umeme ni wao pia, na sisi tuko mwisho wa laini.

Hawa amekwenda kuswali. Mimi nimeketi sakafuni, nimejifunika blanketi, na mayai manne nimeyalaza juu ya tumbo langu, ndani ya shati. Mtu aliyetulia hutoa joto la karibu wati mia moja. Nina nguvu zaidi ya hita yetu jioni hii, lakini ngozi yangu inatosha kugusa manne tu. Niliyachukua yaliyokuwa karibu na mkono. Sikujua kuchagua, na sikutaka kuchagua.

Mawili kati ya haya yanagonga. Nayasikia kwenye mbavu ninapoandika, ndiyo maana mwandiko umepinda. Sanduku nimeliweka karibu na goti. Mwanzoni humo ndani kulikuwa na milio mingi, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Sasa nasikia mmoja, na unachukua muda kabla ya kulia tena.

Pumzika, dada. Mimi siwezi kusimama.

Mdogo wako