Wewe Kwenye Mawe, Mimi Juu ya Mnara

Buhongwa, Mwanza
21 Juni 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwetu Bukoba mtoto huamkia kwa kupiga magoti, lakini leo kuna maji kati yetu, basi pokea heshima hiyo kwa kalamu. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zikatike? Na pamba, mmeshamaliza kuchuma? Sisi huku ni wazima. Mhoja anatembea kwa kushika ukuta, na akianguka hutazama kwanza kama kuna mtu karibu ndipo aamue kulia. Mume wangu, mwanao Shimba, anakusalimu sana. Michembe ya viazi uliyotutumia tuliipokea, na nisikudanganye, imeshakwisha.

Naandika kwa herufi kubwa kama ulivyoniagiza, maana najua tangu ulipojifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima hutaki barua yako isomwe na mtu mwingine.

Mama, ulipoondoka mwezi wa pili nilikusindikiza hadi kwenye kivuko cha Kamanga, nikakuambia ahsante kwa kumlea mtoto. Nikarudi nyumbani nikijilaumu. Nilikushukuru kana kwamba ulikuja kubeba mtoto tu. Yaliyokuwa yakitokea kazini kwangu sikuwahi kukueleza vizuri, nawe kwa adabu yako hukuuliza. Acha leo nikusimulie.

Unajua kwamba nilisomea ufundi wa mitambo ya simu, na kwamba kampuni yetu inawaunganisha watu na intaneti, ile njia ya kuandikiana kwa kompyuta, barua ikafika Ulaya chai ikiwa bado ya moto. Kabla ya kujifungua nilikuwa fundi kama wenzangu. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nikakuta Bwana Paulo, mkuu wetu, ameniwekea meza ya mbele, nipokee wateja na kujibu simu. Hakunifokea. Alisema kwa upole kwamba mwenye mtoto mchanga hafai kuhangaika na ngazi na nyaya, na kwamba amenihurumia. Mama, huruma ile iliniuma kuliko tusi. Tusi ningelijibu. Huruma utaijibu vipi? Nikakaa pale mezani, nikitabasamu.

Ndipo ikaja Januari, mvua za El Nino zikibomoa madaraja, na dhoruba moja kutoka ziwani ikaipindisha antena yetu kwenye ule mnara wa kilimani. Kiwanda cha minofu ya sangara kule ufukweni kikakatika mawasiliano. Siku zile wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameshtushwa na habari za kipindupindu, wakitaka majibu kwa kompyuta kila siku. Wasipojibiwa hawanunui, na wasiponunua, wanawake wanaochuna samaki pale kiwandani wanarudishwa nyumbani. Obedi, fundi wetu wa kupanda minara, alikuwa ameacha kazi na kwenda Dar es Salaam kwenye mojawapo ya makampuni haya mapya ya simu. Kati ya waliobaki, aliyewahi kupanda mnara ni mimi peke yangu.

Nikaenda kwa Bwana Paulo, nikamwambia nitapanda. Akaniuliza swali moja tu: kazi ile ni ya kutwa nzima, na mtoto atanyonya saa ngapi? Msichana wangu wa kazi alikuwa amerudi kwao. Jioni nilimweleza Shimba, nikamwambia pia kwamba nimechoka, afadhali niizoee ile meza. Asubuhi yake hakwenda kazini, alivuka kuja kwako.

Nawe ukaja. Tangu meli ile ilipozama mwaka wa tisini na sita ulikuwa umeapa kwamba hutakanyaga tena chombo cha majini. Shimba anasema ulifumba macho kutoka Kamanga hadi mjini, umeushika mkono wake huku ukiimba wimbo wa kanisani, na mlipofika ulifungua macho ukauliza, "Mjukuu wangu yuko wapi?"

Ile siku ya kilimani uliiona kwa upande wako. Nikueleze upande wangu. Nilipanda asubuhi nimejifunga mkanda, Bwana Paulo ameshika kamba ya usalama chini, uso umemkunjamana. Antena ilikuwa imekaza kwa kutu. Jua likapanda, nami sijafika hata nusu ya kazi. Ghafla nikasikia mtoto analia kule chini. Mama, wewe umezaa, unajua. Maziwa yalianza kutoka yenyewe, ovaroli ikalowa kifuani. Nikatazama chini nikaona Bwana Paulo ananipungia nishuke, kwa namna ya mtu aliyekata tamaa. Nikajisemea, basi, imekwisha.

Hapo ndipo nikakuona unatokea kati ya mawe, Mhoja mgongoni, kandambili zako mkononi. Nilikuwa nimekuomba umlete kwenye gari barabarani tu. Ukapanda mawe yale yote na goti lako hilo! Nilipofika chini nilimsikia Bwana Paulo akikueleza kwa heshima kwamba kazi imekuwa ngumu, ataagiza fundi kutoka Dar, tuondoke tukapumzike. Ukamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha ukamwambia, "Mwanangu atamnyonyesha mjukuu wangu, halafu atapanda tena. Wewe shika hiyo kamba, usiiachie."

Akajibu, "Sawa, Mama."

Nilinyonyesha nimekaa kwenye kivuli cha jiwe, wewe ukinipepea kwa kanga. Hukunipa moyo kwa maneno mengi. Uliniuliza tu kama nimekula, ukanipa kiazi. Nikapanda tena. Safari hii kutu ikaachia. Nikawa naigeuza antena kidogo kidogo, huku mwenzangu aliyekuwa kiwandani akinijulisha kwa redio ya mkononi, bado, bado, mpaka akapiga kelele kwamba imepatikana na barua zinaingia. Nikakusikia unapiga vigelegele, na niliposhuka ukaninong'oneza, "Kwani kimepatikana nini?" Bwana Paulo alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya hapo sikurudi kwenye ile meza. Bwana Paulo alinifuata mwenyewe, akaniambia kwamba alifikiri ananisaidia kumbe alikuwa ananizuia. Sasa mimi ndiye msimamizi wa mafundi wote wa nje. Najua pia, Shimba aliniambia, kwamba Baba mdogo Ngosha alikuja kwako kulalamika kuwa mke wa ukoo wenu anavaa suruali na kupanda juu mbele ya wanaume. Ukamjibu kwamba kazi yangu unaijua kwa sababu umeiona kwa macho, na kama yeye hajaiona, aende akaione. Hukuniambia habari hiyo. Ningekushukuru vipi kwa jambo ambalo hukutaka nilijue? Nakushukuru leo.

Mama, sasa nifike kwenye neno ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Ni habari za Teodora, kitindamimba wako.

Ulimtuma kwangu ulipoondoka, amtunze Mhoja mpaka Baba mdogo Ngosha atakapomaliza mazungumzo na yule mchumba wa Geita. Alianza kwa kumleta mtoto kilimani ninyonyeshe, kama ulivyofanya wewe. Akawa hataki kuondoka. Akauliza waya huu unakwenda wapi, ile taa inawaka kwa nini. Nikampa koleo ashike. Tangu mwezi wa nne Mhoja anashinda kwa jirani yetu Getruda, mama mwenye watoto wake watatu, na Teodora anashinda kazini pamoja nami. Matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka na alama nzuri za fizikia na hesabu, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi Dar es Salaam. Amefaulu, Mama. Masomo yanaanza mwezi ujao. Nilisimama mimi kama mlezi wake, na Shimba anajua.

Tulikuficha. Teodora aliomba hivyo, akisema kwamba kama angeshindwa mtihani, usingekuwa na haja ya kugombana na mtu yeyote kwa ajili yake. Niliona ana busara, nikakubali. Lakini kukuficha ni kukuficha, na wewe hukustahili. Naomba unisamehe, lawama iwe yangu, isiwe yake.

Kuhusu huyo mchumba, sijasikia baya lake lolote, wala Teodora hamchukii. Anasema tu kwamba akiolewa mwaka huu hajui atakuwa nani, lakini akishika nyaya anajua.

Jumamosi ijayo Shimba atavuka naye aje aseme mwenyewe mbele yako. Sanduku lake liko tayari hapa kwangu. Ukisema hapana, nitalifungua kwa mikono yangu, na hakuna kati yetu atakayekubishia. Ila nakuomba neno moja. Mimi nilikuja kwenu mgeni, hata kabila letu si moja, nawe ukaniita mwanangu mbele ya mkuu wangu wa kazi. Habari ya siku ile nimemsimulia Teodora mara nyingi. Juzi aliniuliza swali. Alitaka kujua kama yule mama aliyesema "atapanda tena" ni mama wa Felicitas tu, au ni mama yake pia. Anaogopa kukuuliza. Basi nimekuuliza mimi.

Nisalimie majirani wote, na Baba mdogo Ngosha mwambie namwamkia kwa heshima, shikamoo yake. Dawa ya kuchua goti atakuletea Shimba. Mungu akulinde, nawe ulale salama.

Ni mimi mwanao,

Felicitas, Mama Mhoja