Kishikio cha Injini ya Baba Magesa

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi manyunyu, na baridi kali kutoka ziwani.

Kwa baridi hii resini, gundi tunayoundia boti, haikauki siku moja. Nilimwambia Baba Magesa kishikio cha injini ya boti yake kisubiri mpaka kesho. Akacheka: "Dada, wewe unapikaga makande, yachemke kutwa? Rhobi atanimalizia leo."

Rhobi, ambaye kazi hii nilimfundisha mimi! Kazidisha dawa ya kugandisha, ambayo ikizidi resini hukauka upesi lakini huvunjika kirahisi, na saa kumi jioni boti ikaingia ziwani, watu wanampigia makofi.

Nilimwonea wivu. Nilitamani kishikio king'oke, injini izame, wote waone. Halafu nikakumbuka kwamba mle ndani wamo watu wanne, na upepo umeanza.

Nimeomba kazi ya Rhobi ishike. Kwa shingo upande, lakini nimeomba.

Saa tano na nusu usiku. Nalala.