Nafasi ya Nundu

Ubaruku, Mbarali
3 Juni 2024

Kwako mwanangu Kalista,

Mwangaluka. Huku tu wazima, mimi, mama yako na ng'ombe, isipokuwa goti langu linalolalamika baridi ikianza. Naamini na huko Kalenga mnaamka salama, wewe na wanafunzi wako.

Simu siipendi, inameza maneno, na haya sitaki yamezwe. Kofia imefika! Kondakta alinikabidhi boksi limeandikwa "Mzee Nyanda, kutoka Iringa", nikajua ni wewe tu. Nimevaa kofia tangu sijaota ndevu, za ukindu, za ngozi, za mitumba. Lakini pama hii, mwanangu! Sufu ya kondoo iliyosuguliwa kwa mkono na maji ya moto mpaka ikagandana, laini kama sikio la ndama. Imenikaa hasa. Hata nundu yangu ya kushoto, liliponipiga lile dume jekundu, imeachiwa nafasi yake. Na ndani umeshona chapa ya ng'ombe wetu, zile pembe mbili. Hapo nililia kidogo, usimwambie mtu.

Jumamosi niliivaa harusini kule Ilomba, Mbeya mjini. Bwana harusi hakutazamwa na mtu.

Baba yako,
Nyanda


Kalenga, Iringa
14 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu ya msimu. Goti ulikande kwa maji ya chumvi, usingoje liume.

Baba, barua yako nimeirudia na bado sielewi. Mimi sijatuma kofia. Ningependa kujisifu, lakini hata pa kuipata sipajui. Na hiyo chapa, siku za kuchoma ndama chapa sisi wasichana tulikuwa jikoni tunachemsha chai. Nikiambiwa niichore sasa hivi, pembe zitatazama chini. Au boksi ni la mtu mwingine? Hakuna Nyanda mwingine hapo?

Binti yako,
Kalista


Ubaruku
25 Juni 2024

Mwanangu Kalista,

Pole kwa mafua. Sisi tupo, ila usingizi umepungua.

Akina Nyanda wako wengine wawili, nimewaita wakaijaribu. Mmoja ilimfunika mpaka puani, mwingine ilimkaa juu kama kuku kwenye kichuguu. Kwa hiyo ni yangu. Lakini imetoka wapi? Jirani yetu Zabron anasema kofia isiyojulikana aliyeitoa haivaliwi. Naivua. Kidogo nashtukia iko kichwani. Nikimuuliza mama yako, anakumbuka mboga jikoni.

Chapa ile naijua mimi, na mmoja aliyekuwa akinishikia chuma. Huyo kaka yako usinitajie. Boniface aliacha ng'ombe wakamaliza mpunga wa watu, yeye amekaa kivulini anashona kofia! Nilisimama mbele ya wakulima kama mwizi. Nilimwambia asitie tena mkono wake katika kitu changu, akaondoka, na neno langu liko palepale. Basi ni nani? Kichwa kinaniuma, nitafutie.

Baba yako,
Nyanda


Kalenga
9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeketi. Tafadhali usiichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Ni Boniface. Nilizunguka sokoni Iringa nikiuliza wauza kofia, mmoja akanielekeza Tosamaganga. Nikamkuta mwanamume amekonda, mikono imebabuka kwa maji ya moto, mbele yake sufu na sabuni. Sikumtambua mpaka aliponiita. Tulilia wote wawili. Miaka yote hii, baba, kumbe alikuwa jirani yangu!

Kipimo alipewa na mama. Alikuzungushia uzi kichwani ukiwa umesinzia barazani. Usimgombeze.

Boniface anasema hukosei kuhusu ule mpunga. Kofia ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, maana mdomo wake uliogopa. Ukiirudisha ataelewa, na hatakusumbua tena.

Binti yako,
Kalista


Kalenga
20 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Goti je?

Umenyamaza. Mama ananiambia kwa simu kwamba umeitundika kofia kwenye msumari na unatembea kichwa wazi, mpaka mbwa wa Zabron amekubwekea kama mgeni. Anasema pia unaipangusa vumbi kila asubuhi. Sasa nishike lipi? Huivai, huirudishi. Boniface kila basi likitoka Mbeya anakwenda stendi kuulizia boksi. Akiambiwa hakuna, anashukuru, kisha anakosa raha upya. Nami nimechanganyikiwa katikati yenu. Mwambie neno, baba, hata kama ni baya.

Binti yako,
Kalista


Ubaruku
2 Septemba 2024

Kwako Boniface, kwa mkono wa dada yako,

Natumaini u mzima. Huku tu wazima. Mama yako anakusalimu, anasema ule ushibe.

Leo nimeivaa kofia yako tangu asubuhi. Inanibana upande wa kushoto, kwenye nundu. Kosa la namna hiyo halitengenezwi kwa uzi wala kwa barua, na mimi sitoi kofia yangu ikapande basi, ikapotee. Itabidi fundi aje mwenyewe, akipime kichwa kwa mikono yake.

Uje kabla ya mvua. Kuna ndama wa kuchomwa chapa, na chuma hakijapata mtu wa kukishika.

Baba yako,
Nyanda